Haki Zote na Madai Yote

Sabiri alikifuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia, na Leonia alimwona.

"Karibu, shemeji," Leonia alisema hata hivyo. Alikuwa akichuja asali pale sebuleni, ndoo na vitambaa vimetanda sakafuni, na mikono yake ilinata mpaka kwenye viwiko.

"Sikai sana."

Nyumba ilinuka moshi wa mizinga. Sabiri alijiuliza mtu mwenye akili kama za Zablon aliwezaje kuishi humu mtaani Cheyo miaka kumi na moja na mwanamke wa ndoo.

Zablon alifariki mwaka jana. Yeye na Sabiri ndio walioanzisha Njia ya Pembe, gemu la simu ambamo mchezaji huongoza wapagazi kutoka Tabora hadi Ujiji, akigawa maji, akikwepa mvua, akiamua nani apumzishwe na nani aendelee. Walilitoa kwa leseni huria: kila mtu alicheze bure, alifungue aone lilivyoandikwa, alirekebishe, amgawie mwenzake. Kwa miaka sita watu wakajitolea, huyu mchoro, yule wimbo, mwingine mistari michache ya msimbo, yale maandishi yanayoliendesha gemu.

Sasa kampuni moja ya Dar es Salaam ilitaka kulinunua na kulifunga. Kikwazo kilikuwa kimoja. Kila aliyechangia alibaki na haki ya alichochangia, na bila sahihi yake, au ya mrithi wake, leseni haibadiliki.

Sabiri aliwadharau wote. Kabula wa Usinge, aliyerekodi nyimbo za wapagazi kwa sauti ya bibi yake, alisaini kwa vocha ya simu, tena akashukuru. Ezekia wa Tura alikataa, akamwandikia barua pepe ndefu kuhusu uaminifu, Sabiri hakuimaliza. Michoro yote ya Ezekia aliifuta, akamkodi mtu aichore upya kwa siku nne. Watu wa bure, ndivyo alivyowaita. Kama walijiona wa maana, mbona walitoa jasho lao bila hata kuombwa mara mbili?

Kazi ya Zablon tu ndiyo haikufutika. Mvua ilikuwa yake, uchovu wa wapagazi ulikuwa wake, njia yenyewe ilikuwa yake. Ukiitoa, linabaki rundo la picha. Na juzi Sabiri alikwisha kusaini na kampuni, akathibitisha kwa maandishi kwamba sahihi zote anazo mkononi.

"Ni karatasi tu, shemeji. Weka jina hapa chini."

Leonia alinawa mikono, akajifuta kwa khanga, akaanza kusoma. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, na Sabiri akaona aibu kwa niaba yake.

"Zablon alisema halitauzwa."

"Zablon alisema mengi."

"Alikuwa akibishana nao kwa simu, wale waajiri wake wa Arusha, aliowafanyia kazi kwa mtandao akiwa hapa hapa. Gemu hili hili. Siku moja wakamwandikia—"

"Kazini kwake kunahusu nini hapa?" Sabiri alitabasamu kama anayembembeleza mtoto ameze dawa. "Shemeji, mambo ya leseni yana wenyewe. Wewe una asali yako, na sisi tuna yetu."

Leonia alirudisha kidole kwenye karatasi.

"Kuna wakili aliyeisoma hii?"

"Nimeiandika mwenyewe." Hakuwa mtu wa kumlipa wakili kwa ajili ya mjane mmoja.

"Hapa umeandika haki zote na madai yote. Madai yote ndiyo yapi?"

"Kila dai linalohusu kazi ya Zablon, la jana, la leo na la kesho, ni langu peke yangu. Maana yake usije mwakani ukanigongea mlango."

"Kwa hiyo mimi sibaki na dai lolote."

"Hata moja."

Alingoja machozi, au bei. Noti chache alikuwa nazo mfukoni tayari. Leonia alimtazama tu, kwa muda mrefu kuliko ilivyompendeza. Kisha akamwita jirani yake, Mwalimu Advera, aje ashuhudie, akasaini nakala zote mbili kwa jina lake kamili. Advera naye akasaini. Zile noti Sabiri akaziacha zilale palepale mfukoni.

Rahisi hivi, alijiambia huku akikunja nakala yake. Mtu unamnyang'anya kilichobaki cha mumewe, na anakutafutia shahidi.

"Ngoja, shemeji." Leonia aliingia chumbani, akatoka na barua. "Nilijaribu kukuambia, hukunipa nafasi. Imekuja wiki iliyopita."

Sabiri aliipokea kwa vidole viwili, akaisoma amesimama, akidhani ni rambirambi zilizochelewa. Ilitoka kwa mawakili wa Arusha.

*Tumepata habari kwamba mchezo wa Njia ya Pembe unauzwa. Marehemu Zablon aliandika msimbo wake akiwa mwajiriwa wa mteja wetu, kwa saa za kazi na kwa vifaa vya kazi, na msimbo huo ni mali ya mteja wetu. Aliruhusiwa kuutoa kwa sharti moja alilolisaini: mchezo ubaki wa bure siku zote. Yeyote anayeshikilia haki za marehemu na madai yanayohusu kazi yake atawajibika mahakamani kwa hasara yote.*

"Nilikuwa silali, sijui niwajibu nini," alisema Leonia. "Sasa watakuandikia wewe."