Kujifunza Kukaribishwa

"Karibu!" alisema dada mtu, na fundi saa akajitupa sakafuni kwa mara ya saba asubuhi hiyo.

"Inuka, kaka. Suruali ya ukweni hiyo."

"Najua ni karibu ya wageni," alisema akijipangusa. "Kichwa kinajua. Magoti ndiyo hayajaambiwa."

Mtaani kwao risasi zilikuwa na maneno mawili. Zikilia, fundi, mwenye masikio yaliyozoea mlio wa saa, alisikiliza, kisha akapiga kelele. "Mbali!" watu wakaendelea kula. "Karibu!" wote chini. Wageni siku hizi waliambiwa "pita" tu.

Lakini leo alikuwa anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wake, mtaa wa mlimani, kwenye maua na mbwa waliooga. Tangu binti yule alipomletea saa iliyosimama, hawakuwahi kuzungumzia risasi. Fundi aliona aibu kuyaanika ya kwao.

"Ukilala mlangoni kwa watu," dada akamwonya, "na ndoa imelala. Haya, karibu!"

Mara ya kumi na tano aliinama tu. Ya ishirini alibaki wima, jasho likimtoka, akitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Umepona. Sasa unafanana na binadamu."

Saa kumi alasiri alikuwa mlangoni kwa wakwe. Alipoinua mkono kubisha, kitu kikalia mtaa wa nyuma: paa! Magoti yakaomba ruhusa. Mlango wa gari, akayaambia. Watu wa huku wana magari. Paa, paa! Wana magari mengi.

"Hodi!"

"Karibu!" Sauti nzito ya baba mkwe ilitoka ndani, tena kwa nguvu zote.

Akakaza magoti. Hakulala, hakuinama, hata kope hakupepesa. Laiti dada angemwona! Akasukuma mlango, akaingia kifua mbele, tabasamu limejaa uso.

"Asanteni, nimekaribia."

Viti vyote vilikuwa vitupu. Baba mkwe alikuwa kifudifudi chini ya meza, mkono mmoja juu ya mgongo wa mkewe. Mchumba wake alijibanza nyuma ya kochi, akimpungia mkono ashuke, ashuke.

Mama mkwe akainua kidevu kutoka kwenye zulia, akamtazama mgeni toka viatuni hadi utosini, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, huyu amelelewa wapi?"