Shimo la Tano

"Na hapa, mwanangu, pamewahi kuchimbwa?"

Mpima udongo aliinua uso kutoka shimoni. Kwa mara ya nne, mama mwenye shamba alikuwa ameketi ukingoni kwenye kiti chake cha plastiki, akimchungulia kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

"Hapana, mama. Hapa hapajaguswa tangu dunia iumbwe."

"Una hakika?"

"Binadamu hudanganya, udongo hauwezi." Akamwonyesha kwa ncha ya kisu. Juu ulikuwa mweusi, laini kama unga, umeshikwa na mizizi ya nyasi. Chini yake wa kahawia, unaokatika vipande vipande. Chini kabisa ulikuwa umepauka, umejaa vidonge vyeupe vya chokaa. "Kila tabaka limelala mahali pake. Mtu akishachimba, hata afukie vipi, ataacha alama."

"Hata baada ya miaka ishirini na mbili?"

"Hata mia mbili."

Mama aliinuka. Kisha akabeba kiti chake, akarudi nyumbani bila kuaga.

Mpima udongo alijua kwa nini anauliza. Siku ya kwanza tu, muuza duka wa njia panda alikuwa amemsimulia yote. Mwana wa pekee wa mama huyo, kijana mwenye nguvu za fahali, aliaga asubuhi moja kwamba anakwenda kutafuta kazi, na hakuonekana tena. Wapo waliosema yuko mbali ana mke na watoto. Wapo waliosema aliuawa katika ugomvi wa ulevi, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kupiga.

"Watu waliuliza wakachoka," muuza duka alisema. "Mama yake tu ndiye hajalala nje ya shamba lile hata siku moja. Eti mtoto asije akarudi akakuta mlango umefungwa."

Mpima udongo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kaka yake mwenyewe alipotea vivyo hivyo. Miaka tisa mama yao alimwekea chakula, akampigia pasi mashati. Mwishowe polisi walileta mifupa ndani ya mfuko, na mama, ambaye hata mafua alikuwa hayajui, hakumaliza wiki. Aliyewaonyesha polisi pa kuchimba alikuwa yeye mpima udongo, kwa ujuzi wake huuhuu. Tangu siku hiyo hakuna shimo aliloingia bila kuhisi kuna mtu amesimama nyuma yake.

Shimo la tano liliangukia nyuma ya zizi bovu. Hakulichagua yeye. Ramani ya idara ilitaka shimo kila baada ya hatua mia tatu, na idara ilikuwa na uhaba wa vibarua, si uhaba wa kanuni. Akavua koti, akachimba peke yake.

Mama alikuja na kiti lakini hakukikalia. Alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kushoto, uliowahi kuvunjika ukaunga vibaya.

"Hapo ni lazima?"

"Ni lazima, mama. Kama ni vigumu, nenda ukapumzike. Nitakuita."

"Nitasimama."

Koleo lilizama kirahisi mno. Ndani ya udongo mweusi, karibu kabisa na mizizi, alikuta vidonge vyeupe vya chokaa. Vilikuwa vinafanya nini huko juu? Alipofika magotini, akakuta bonge jeusi limekaa katikati ya kahawia. Akakwangua ukuta wa shimo kwa kisu. Mstari ukajitokeza, umenyooka kama ubavu wa kitanda. Akaufuata kwenda chini, mpaka kisu kikagusa kitu kigumu: kifungo cha shati, cha matundu manne, na nyuma yake kitambaa kilichooza.

Akakishusha kisu.

"Mwanangu," sauti ilimjia kutoka juu. "Pamewahi kuchimbwa?"

Kwa kitambo hakujua ni mama yupi anayemwita. Alimwona wake, pasi mkononi, shati jeupe limetandikwa mbele yake. Akakisukuma kile kifungo ndani kwa kidole gumba, akapaka udongo juu yake.

"Hapana, mama. Pako vilevile."

"Una hakika?"

"Miaka kumi na minane nafanya kazi hii."

"Na akija mwingine, mwenye kisomo kama chako?"

"Akija atasoma nilichoandika mimi."

"Basi andika. Nione."

Alitoka shimoni, akafungua fomu juu ya goti. *Dalili za ardhi kuvurugwa: hazipo.* Akatia sahihi. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika karatasi ile, lakini hakujuta. Mtu anayengoja bado ana sababu ya kuamka asubuhi.

Mama aliipokea fomu, akaisoma midomo ikichezacheza, akairudia tena. Machozi yalimtiririka, na hakuyafuta. Mpima udongo aligeuka pembeni, asije naye akalia. Akaliokota koleo haraka, alifukie shimo kabla roho haijambadilika.

Mama alilishika koleo kwa ule mkono mzima, akalitoa mikononi mwake taratibu.

"Niachie mimi, mwanangu," alisema, akilizunguka lundo la udongo huku akilitazama kwa makini. "Safari hii nitaanza na ule mweupe."