Dozi ya Sekela

Sheria ilimpa kila mtu dozi moja tu ya dawa pekee iliyokuwa bado inaua vijidudu, moja kwa maisha yake yote. Tumpale aliimaliza yake akiwa na miaka kumi na saba. Aliitumia kutibu chunusi, ili asimamie harusi ya dada yake akiwa na uso laini.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, na jipu la pajani lilikuwa limegeuka donda. Wekundu ulikuwa unapanda kuelekea kinenani, na homa haikushuka.

"Ndugu anaweza kukupa yake," muuguzi wa zahanati alimwambia. "Una mtoto?"

"Ana miaka tisa!"

"Anaruhusiwa. Aweke kidole gumba hapa kwenye fomu, basi."

Tumpale alikataa, akarudi nyumbani. Siku ya tatu alishindwa hata kuketi. Sekela, binti yake, akapanda kitandani.

"Mama, chukua yangu. Mimi siumwi popote."

"Na ukija kuumwa, mwanangu?"

"Nitajichunga."

Tumpale alilia sana, kisha akakubali. Baada ya wiki mbili donda likakauka.

Tangu hapo Sekela hakumenya viazi wala kuruka kamba. Hata kucha alikatwa na mama yake. Ijumaa moja akarudi kutoka shuleni akichechemea.

"Nimeanguka, mama. Ni mchubuko tu, hauumi."

Tumpale aliuosha. Akachukua kalamu, akachora mstari kuuzunguka, kisha akakaa sakafuni kungoja kama wekundu utauvuka.