Nati Zinazong'aa

Shemeji yake mkunga, fundi wa magari, alisimama na kamba ya kuvutia gari mkononi. "Injini imekufa, shemeji. Niachie nikaliuze kama vipuri."

Gari hilo mkunga aliachiwa na marehemu mumewe. Siku hizi lilikata pumzi kwenye kila mlima. Hata hivyo aling'ang'ania fundi mwingine alitazame kwanza.

Fundi, mwanamama mnene mwenye utani, akajipenyeza uvunguni na kulegeza bomba la moshi. "Haya, kanyaga mafuta!"

Mkunga akakanyaga. Injini ikanguruma, kuku wa jirani wakatawanyika.

"Maiti gani hii inayopiga kelele?" fundi akacheka. "Masega yanayochuja moshi ndiyo yameziba, moshi haupati pa kutokea. Tunaweka mengine, basi. Lakini hebu njoo uone."

Mkunga akapiga magoti. Boksi la masega lilikuwa kutu tupu, ila nati zake ziling'aa, zimekwanguliwa na spana juzijuzi.

"Kuna aliyefungua kabla yangu," fundi akasema, sasa bila utani. "Akaona, akafunga."

Juzi aliyelala chini ya gari hilo alikuwa mmoja tu, na baadaye alikula kwa mkunga akashiba.

Mkunga akainuka, akamgeukia shemeji. "Uliyaona?"

"Shemeji, nilitaka kukupunguzia mzigo..."

"Mzigo! Wajawazito wananingoja kule mlimani, wewe unanifukia gari likiwa hai? Jioni naita ndugu zako wote. Utalala chini ya gari hili mbele yao, uwaonyeshe injini ilipofia."