Kuzaliwa kwa Nikanori

"Usivuke kizingiti," Damoni alisema. "Mfu haingii mlangoni."

Mtu aliyesimama kwenye theluji akarudisha mguu nyuma. Nusu ya uso wake ilikuwa kovu tupu, alama ya mafuta ya moto waliyomwagiwa askari chini ya ukuta wa mji mmoja huko Asia. Majirani walimzunguka kwa mbali. Baadhi yao walikuwa na mawe mkononi.

"Jina langu Nikanori," alirudia. "Naapa kwa Zeu."

"Jina tunalijua. Tumelililia, tumekata nywele, tumelijengea kaburi tupu pale kwenye miti ya mialoni." Damoni alimgeukia mjane wa mdogo wake. "Shemeji, unamwonaje? Mtu au mzimu?"

Filista alisimama ndani, mkono kwenye mwimo wa mlango, akimtazama. Nikanori mwanawe alikwenda kupigana vita vya watu kwa mshahara kabla hata hajaota ndevu.

Kwa desturi yao, mtu aliyekwisha kufanyiwa mazishi hakuruhusiwa kukaribia meko wala madhabahu, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Huyu akikataliwa, angefukuzwa kwa mawe hadi mpakani, na baridi ya mlimani ingemaliza kazi iliyobaki.

"Kikosini tulikuwa Nikanori wawili," alisema taratibu. "Mmoja alikufa."

"Basi aliyeleta habari alichanganya," jirani mmoja akadakia.

"Au mzimu umejifunza maneno," Damoni akasema. "Wafu hunywa maji ya kusahau. Ngoja tumpime. Wewe, yule mbuzi aliyemsukuma Nikanori kisimani aliitwaje?"

Mtu yule akafumba macho, kama anayesikiliza sauti ya mbali. Mawe yakapanda kidogo mikononi mwa watu.

"Bibi Harusi," akasema. "Kwa sababu hakutaka kuguswa."

Mtu mmoja akacheka. Jiwe likaanguka kwenye theluji, kisha jingine.

"Haya, yu hai," Damoni akakubali. "Lakini kaburi lina jina lake, na mlango huu haupiti mpaka azaliwe upya, aoshwe na kuviringishwa kama kichanga. Shemeji, hilo ni lako. Ukimzaa, ni mwanao mbele ya miungu na hakuna wa kubisha tena. Ukikataa, aende zake."

"Mama," mtu yule akasema, "nisikilize kwanza. Nina neno."

"Mtoto mchanga hasemi," Filista akamkata. "Leteni maji ya moto."

Alimwosha mwenyewe pale nje, juu ya ngozi ya kondoo. Aliosha mabega, mgongo, kisha miguu, kidole kimoja kimoja. Kidole ambacho mwanawe alikivunja utotoni kilikuwa kimenyooka; mikono yake ilisimama, halafu ikaendelea. Wanawake wakamviringisha nguo mpaka shingoni. Filista akakiweka kichwa chake kifuani kama anayenyonyesha, na kila aliyekuwepo akangoja kuona kama atakisukuma.

Hakukisukuma.

Wanaume wakambeba hadi ndani, wakazunguka naye meko.

"Mtoto gani huyu, mzito kama ng'ombe na ndevu zake tayari," Damoni akanung'unika. Wanawake wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa swali la mwisho lilikuwa limefika.

"Filista, umezaa nani?"

Alikawia hata Damoni akakohoa. Mtu yule alimtazama kutoka ndani ya zile nguo.

"Nimemzaa Nikanori," Filista akasema.

Majirani wakala mikate ya shayiri na jibini, wakampigapiga yule mtu kichwani kwa mzaha, wakaaga mmoja mmoja. Damoni alikuwa wa mwisho. Filista alimsindikiza, akafunga mlango kwa komeo, akarudi kuketi karibu na moto. Akaanza kufungua nguo zilizombana yule mtu mikono.

"Sasa unaweza kusema, mwanangu," akanong'ona. "Kaka yako Nikanori alikufaje?"