Chai ya Makame

Bi Hidaya aliiweka tena kwenye televisheni sehemu ya saba ya tamthilia, ile ambayo mpelelezi anarudi siku moja nyuma kumzuia mwenye nyumba asimfungulie muuaji mlango. Muuaji ni nani, Bi Hidaya alikwisha kujua zamani. Alichokifuata ni sauti ya marehemu mumewe, Makame, aliyekuwa akitafsiri tamthilia kwa Kiswahili na kurekodi pale pale sebuleni, wahusika wote akiwasemea yeye.

"Nimechelewa?" mpelelezi aliuliza kwa sauti nzito ya Makame. Kisha Makame, akiwa amesahau kuzima maikrofoni, akaita, "Hidaya, chai mke wangu!"

Ndani ya televisheni sauti ya Bi Hidaya mwenyewe, ya siku zile, ikajibu kwa ukali kutoka jikoni, "Subiri! Kwani nina mikono mingapi?"

Makame akacheka, akaendelea na kazi.

Bi Hidaya akarudisha nyuma kidogo. Safari hii alikwenda jikoni kwanza, akamimina chai, akaiweka mbele ya televisheni.

"Nimechelewa?"

Kabla Makame hajaita, akabonyeza kitufe. Picha ikaganda: mpelelezi mdomo wazi, mkono mlangoni, na mvuke wa chai ukimpanda usoni.