Nchi Ambako Mgeni Hashiki Jembe

Huyu Ngiri hakurudi kwao kusimulia, basi nasimulia mimi.

Alizunguka nchi za watu na hakuna hata moja aliyoisifu. Alipofika kwa akina Muhanga akatandikiwa mkeka, akaletewa uji, na kabla hajameza akaanza kulalama.

"Kwa Nyuki hakulaliki, bibi, ni kelele mtindo mmoja. Kwa Kobe chakula cha mchana huiva kesho yake. Na wote ugonjwa wao ni mmoja: siku ya tatu ikifika, mgeni anapewa jembe! Mimi nimekuja kutembea au kulima?"

"Pole, baba," akasema Bi Muhanga kwa sauti ya chini. "Hapa kwetu mgeni hashiki jembe."

Ngiri akafurahi. Hata kimya cha nchi ile, kilichomsisimua mwili mwanzoni, sasa akakiita adabu. Kilichomkera ni mikoba ya wageni iliyojaa ukutani.

"Wenyewe waliondoka wakaisahau?"

"Hawajaondoka, baba."

Asubuhi ya siku ya tatu akasikia udongo ukichimbwa nyuma ya nyumba. Akatoka. Ukoo mzima wa Muhanga ulikuwa shimoni. Wakampima kwa macho, kichwa hadi kwato, kisha wakainama kulirefusha shimo.

"Mnalima nini?" akauliza.

"Mchwa. Ndio chakula chetu, nao hawaji mpaka wawekewe cha kula." Bi Muhanga akampangusa vumbi begani. "Wewe pumzika, baba. Jembe tunashika sisi."